Sahani Zilizofunuliwa

Izigo, 12 Agosti 1975

Mpendwa Kokuberwa,

Mama anaanika kahawa, na nyumba yetu imeshaezekwa.

Baba yako mdogo, Bwana Kashaija, bado ni meneja wa karakana ya kijiji, ingawa hajui inatengeneza nini. Nyuzi za mgomba zilizochanganywa na gundi hukandamizwa dakika kumi ndani ya kalibu ya moto, chombo cha kuzipa umbo, bila kufunuliwa, ndipo zinakuwa sahani ngumu. Yeye alikuwa anafunua kila baada ya dakika mbili.

“Ndizi tunazijua kwa kufunua sufuria,” aliniambia mimi, fundi wake wa kalibu. “Wewe msomi, endelea kuitazama saa yako.”

Shajara yangu inasema: 28 Julai, amefunua mara nne.

Jumamosi mgeni kutoka wilayani alipakuliwa ndizi za moto na maharage katika sahani ya siku hiyo. Sahani ikalegea mikononi mwake, maharage yote yakamwagikia suruali.

Sasa Kashaija anataka nikiri kwa maandishi kwamba kosa ni langu, la sivyo atazuia ndoa yetu. Sitatia saini. Mtu aliyeshindwa na sahani hawezi kunifundisha uungwana.

Padri atatangaza majina yetu Jumapili. Kama nawe unataka niandike uongo huo, mwambie asiyasome.

Wako,
Datius