Shikamoo ya Mama Mafaili

Mjomba,

Shikamoo. Naanza na salamu makusudi, maana ni salamu iliyonikalisha kitako kuandika.

Mama Mafaili kapewa tamthilia yake! Ndiyo, yule mama wa zile filamu zetu za majasusi, aliyekuwa anaingia kwa mkuu, anaweka faili mezani, anatoka, hata jina hakupewa mpaka ulipompa wewe. Sasa wamemtolea vipindi vinane vya televisheni, ndiye anayewasaka wauaji. Kumbe siku zote alikuwa jasusi kuliko wote. Na ulisema! Uliegemea lile spika bovu ukaniambia, "Ndeshi, huyu mama ana mambo yake, utakuja kuona." Nimeona, Mjomba, na wewe hupo, na hata hilo limenikasirisha.

Ila hasira yenyewe ni ya mdogo wako Zablon. Nikikutana naye nitamwita Mjomba, adabu ni adabu, lakini humu ndani ni Zablon tu.

Tangu tukuzike, banda la video la Kaloleni analiendesha yeye. Sawa, ni haki yake. Katoa mabenchi, kaweka viti vya plastiki. Sawa. Skrini mpya, nzuri, sina neno. Lakini maiki! Miaka sita nimekaa kulia kwako na maiki ya pili, wewe unawatafsiri wanaume wote, mimi wanawake wote. Nilipomwambia tamthilia imetoka na niko tayari, kaniangalia kana kwamba nimemwomba figo. Eti watazamaji wanataka sauti moja, tena nzito. Basi Mama Mafaili, mtu mzima wa miaka sitini, anaongea kama mnadi mitumba mwenye mafua, na mimi nimewekwa mlangoni nikate tiketi.

Hilo ningelimeza. Lililonikaba ni shikamoo.

Unakumbuka ilivyoanza? Filamu ya kwanza kabisa, yule jasusi kijana anapita mezani kwa Mama Mafaili bila hata kumtupia jicho. Kwenye Kiingereza hakuna neno pale, kimya kitupu. Ukashindwa kuvumilia, ukamtilia mdomoni: "Shikamoo mama." Nami bila kufikiri nikajibu, "Marahaba mwanangu, umekula?" Banda zima hoi kwa kicheko. Tangu siku hiyo hakuna aliyepita meza ile bila kuamkia, hata muuaji mwenye bastola. Muuaji! Aliamkia kwanza, ndipo akauliza bosi yuko wapi. Nilikuuliza kama huo si uongo. Ukasema, "Uongo ni mtu mzima kupitwa kama kiti."

Hukunieleza zaidi. Ni mama aliyenisimulia, baada ya msiba, kwamba bibi alipiga deki ofisi za watu hapa mjini maisha yake yote, na wakubwa walikuwa wanakanyaga maji yake bila hata salamu. Nilikaa chini nikalia.

Sasa Zablon kaifuta shikamoo hiyo. "Haipo kwenye Kiingereza," kanijibu, "twende na wakati." Na bibi ni mama yake mzazi, Mjomba! Alinyonya ziwa lile lile! Jamani, mtu anakuwaje hivi?

Jumamosi mchana akaonyesha kipindi cha kwanza. Watu wamejaa mpaka ukutani. Dakika za mwanzo tu, waziri kijana anaingia, huyo, anampita Mama Mafaili mezani. Zablon kimya. Nilikifinya kile kitabu cha tiketi mpaka kikakunjika.

Mara mtu huko nyuma akasema, taratibu kabisa, "Shikamoo mama." Akafuata mwingine. Kisha banda zima, wauza nyanya, mafundi viatu, hata yule mzee Singasinga wa duka la spea uliyekuwa unamwekea kiti cha mbele. Wote wanaiambia skrini. Halafu wakanyamaza, wanasubiri.

Nikajibu pale pale mlangoni, bila maiki, kwa sauti yake: "Marahaba wanangu. Mmekula?"

Ungesikia makofi! Zablon hakugeuka. Ila mpaka kipindi kinaisha, kila alipofungua mdomo kumsemea Mama Mafaili walimgunia, mwisho akawa anamwacha nimsemee mimi kwa kupiga kelele kutoka mlangoni. Koo linaniuma hadi leo. Maiki ya pili bado kaifungia kabatini.

Jumapili nilipita kijijini Maji ya Chai. Isale tuliyokupandia kaburini imeshika, inatoa majani mapya. Nilikuamkia pale pia, kwa sauti, migomba yote inasikia. Huitikii, Mjomba. Hilo linaniuma kuliko Zablon na kabati lake.

Pumzika. Vimebaki vipindi saba, na vyote saba nitasimama mlangoni, na maiki au bila maiki. Bibi akiamkiwa, nitaitikia.

Ndeshi wako,
Kimandolu