Mukwe yangu alishuka kusalimia polisi

Kampemba, siku ya mardi, mangaribi

Moyo yangu bado haijatulia. Solange, mutoto yangu, na bwana yake Patrick banazunguka miji ya Amerika na motokari. Leo, mbele ya kufika Denver, polisi alibasimamisha.

Patrick akashuka kumusalimia.

Atakosa kushuka namna gani? Huku kwetu, polisi wa roulage akikusimamisha mu barabara, muntu wa heshima anashuka, anatoa mukono, anasema "chef, bonjour". Kule, polisi alitoa bunduki.

"Mama, ilipita," Solange alisema kwa simu. "Yule polisi alimufundisha Patrick: unabaki ndani, mikono juu ya volant ya motokari." Alicheka. Nikacheka naye.

Lakini kesho banaendelea, na Patrick, heshima iko mu damu yake. Kama akisahau...

Nilipokata simu, nikakuta mikono yangu yote mbili juu ya meza, vidole wazi. Nikaogopa kuisogeza.