Makasia Nimekwenda Nayo

Mama, hema nimelianika uani. Lianue mvua ikianza. Chambo kiko kwenye friji, ndani ya kopo la siagi, kwa hiyo msipake mkate.

Baba, asubuhi ulipanga viti sebuleni tufanye mazoezi ya kukaa mtumbwini kabla ya safari ya ziwani kesho. Kaka ukampa kiti cha mbele. Mimi ukanipa kigoda mlangoni, eti hiyo ndiyo kambi, niwasubiri na sufuria. Nikauliza kulikoni. Ukasema, "Mwanangu, mdomo wako utafukuza samaki." Kaka akacheka mpaka akaanguka majini, yaani kwenye zulia.

Basi makasia yote nimekwenda nayo kazini. Nitayarudisha ~~jioni~~ nikipewa kiti mtumbwini. Vinginevyo mna mikono, ifanyeni makasia.

Ni mimi binti yenu, na samahani siombi.