Kuku wa Kikwembe cha Maman

Papa,

Kesho asubuhi tunaenda kwenye misa ya kumaliza kilio chako. Maman atavaa kile kikwembe, kitenge chenye picha za kuku wekundu, ulichomnunulia kwenye soko la Kadutu. Uliondoka kabla ya kukikata. Aliyeshika mkasi wako ni mimi, Papa. Usicheke.

Lakini kwanza habari za shule, maana wewe ndiye uliyekuwa ukiacha cherehani jioni na kuniuliza, "Leo mulisoma nini?" Tunasoma wanyama na makundi yao. Mwalimu alisema wengi, kuanzia sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa letu, hadi mtu, unaweza kuwakunja kwa njia moja tu nusu zikalingana: kulia juu ya kushoto. Wana kichwa upande mmoja, na mgongo na tumbo. Meduze, mnyama laini wa baharini mwenye umbo la mwavuli, anakunjika kwa njia nyingi, kwa hiyo yuko kundi la mbali. Cha ajabu ni nyota ya bahari. Ina mikono mitano imezunguka kama gurudumu, lakini imewekwa karibu na sisi kuliko na meduze. Sababu moja ni kwamba ikiwa changa kabisa ina kulia na kushoto, kama mimi. Nilitaka kuuliza inageukaje. Mkono haukuinuka. Unanijua.

Jana Tante Furaha, dada yako, alikunja kikwembe pale yatakapokuwa mabega ya blauzi, mbele na nyuma zikatwe kipande kimoja, ili tusipoteze kitambaa.

"Kata sasa, mademoiselle wa vitabu! Unaogopa nini?"

Niliogopa kweli. Ulituachia hicho kimoja, na kitambaa kikishakatwa vibaya basi. Nikawatazama kuku. Mbele walisimama, nyuma walining'inia vichwa chini. Nikawaza: huyu ana kichwa na miguu, hakunjwi hivi. Nikasema kwa sauti, "Tante, hapana."

"Eh! Kumbe iko na sauti!"

Tukakunja kwa urefu, kulia juu ya kushoto, mbele peke yake na nyuma peke yake. Kuku wote wakasimama.

Nikachukua blauzi ya zamani uliyomshonea Maman, niifuate. Ndani, kwenye bega la kushoto, vidole vyangu viligusa kipande kidogo cha kitambaa kilichoshonwa kwa mkono. Kilikuwa kama kile ulichoniwekea kwenye shati la shule ili kuinua bega. Ulikuwa ukinipima na kusema, "Bega yako ya kushoto inalala, mutoto yangu. Mungu alikukata bila kukunja." Nilidhani ni mimi peke yangu.

Nilimwuliza Maman. Alijua kuna kitambaa pale. Alidhani blauzi zote hushonwa hivyo.

Papa, miaka yote hiyo hukumwambia.

Nimekata. Nimeshona. Kola imepinda kidogo, utanisamehe. Na kwenye bega la kushoto nimeweka kipande, kama wewe. Maman aliniona nikikiweka. Aligusa bega lake, kisha langu.

Kitabu changu kinasema wanyama wa kundi letu wana pande mbili sawa. Hakisemi chochote kuhusu bega linalolala, wala jinsi linavyotoka kwa mama likamfikia mtoto. Nataka kujua hilo kuliko hata habari ya nyota ya bahari.

Pumzika vizuri, Papa. Mkasi nimeufunga kwenye kitambaa chake. Jumatatu darasani nitauliza, nakuahidi, na nitainua mkono wa kushoto.

Binti yako