Barua Zilizokwenda Kombo

Jumatatu, 2 Machi

Zimekwenda! Barua zote mia mbili na kumi na mbili. Saa tisa na robo alasiri nilibonyeza, nikafumba macho, nikafumbua — zimekwenda.

Kazi hii imenichukua wiki tatu. Kila asubuhi napekua tovuti za wafadhili, nasoma matangazo mpaka yale masharti ya herufi ndogo, halafu natafuta kati ya watafiti wa chuo chetu nani anafaa kwa lipi. Nimejaza jedwali. Safu ya kwanza majina na anwani, ya pili anachokitafiti kila mtu, ya tatu ufadhili unaomfaa. Mtu mmoja, fursa moja. Barua inasema: "Baada ya kuipitia kazi yako kwa makini, tumeona fursa hii inakufaa wewe hasa." Maneno "wewe hasa" niliyaongeza mimi. Bosi aliyapenda.

Dakika ya mwisho niliona majina yamekaa ovyoovyo. Nikayapanga kwa alfabeti. Yakapendeza.

Ijumaa ya tarehe 13 kipindi changu cha majaribio kinakwisha. Bosi atasaini barua ya kunithibitisha kazini, au hatasaini. Karani aliyenitangulia alisahau kiambatisho. Kimoja tu! Siku hizi anatajwa kwa kunong'ona.

Jumanne, 3 Machi

Saa nne asubuhi amekuja Profesa wa Hesabu. Huyu mzee hajawahi kuingia ofisini kwetu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, macho yamelowa.

"Binti, mmejuaje?"

Nikamuuliza tumejua nini, Profesa.

"Kwamba nimechoka na namba." Akaniwekea barua yake mezani kama mtu anayeonyesha cheti cha ndoa. Fursa iliyomfaa yeye hasa: utafiti wa unyonyeshaji wa watoto pacha.

Alipotoka nikafungua jedwali. Nikaliona kosa kabla sijasoma mstari wa pili.

Nilipanga safu ya majina PEKE YAKE. Majina yakahama, mengine yote yakabaki palepale! Sasa nakumbuka — kompyuta iliniuliza kama nataka kuhusisha na safu nyingine. Nikajibu hapana. Kwa adabu tu! Sikutaka kuzisumbua safu nyingine.

Watu mia mbili na kumi na mbili. Nimehesabu waliopata fursa zao halali. Wawili. Wale wawili nao kwa bahati.

Jumatano, 4 Machi

Sikulala vizuri. Asubuhi nimeandika barua ya kuomba radhi. Rasimu ya kwanza ilikuwa na "samahani" tisa. Nikapunguza zikabaki nne.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe Bosi alipoingia, amemshika bega daktari wa meno anayefundisha kitivo cha tiba. Wote wanacheka. Bosi anasema tangu akae kwenye kiti hiki, tukituma fursa wanajibu watu watatu, na mmoja kati yao huwa anaomba tumwondoe kwenye orodha. Safari hii wamejibu sabini na moja!

Daktari wa meno amepata nyota. Ufadhili wa kuchunguza nyota zinazokufa. Nikamuuliza kwa sauti ndogo kama, labda, pengine, haoni ni mbali kidogo na fani yake.

"Ni kuoza tu, binti yangu," akasema. "Tofauti ni umbali."

Bosi akanigeukia. "Hii mbinu ya kuwatoa watu kwenye mashimo yao, umeitoa wapi?"

Nikasema nimeitoa kwenye jedwali. Huo si uongo.

Barua ya radhi nimeifuta.

Alhamisi, 5 Machi

Mtaalamu wa kuku ameandika kurasa arobaini kuhusu kimya katika falsafa. Anasema aliyeishi na kuku miaka ishirini ndiye anayejua thamani ya kimya. Nimezisoma zote. Jambo la kutisha — ni nzuri.

Ijumaa, 6 Machi

Leo nimeelewa kwamba si mchezo.

Amekuja Mwalimu wa Maigizo, yule mrefu anayeongea kama ukumbi mzima unamsikiliza hata akiomba stepla. Amepata ufadhili wa mchwa. Hakukaa kitini. Alilala juu ya zulia letu, akatambaa mpaka kwenye kabati la faili, akinusa.

"Hii ndiyo sehemu ya kwanza," akasema kutoka chini. "Mfanyakazi anatafuta njia ya kurudi kwa malkia. Watazamaji watalia."

Nilichungulia masharti. Mwombaji awe ameshughulika na mchwa kwa miaka isiyopungua kumi. Nikamwonyesha, nikiomba akate tamaa.

"Kumi? Wako kwenye paa langu mwaka wa kumi na mbili huu. Wamekula mlango wa choo. Nimeshughulika nao kuliko mtu yeyote!"

Akaondoka anaimba. Ndipo nikasoma sharti la chini yake. Kila chuo kinaruhusiwa andiko moja tu la maombi. Mwisho Ijumaa ijayo, saa kumi na moja jioni.

Nikatafuta kwenye fomu za watafiti nani hasa alistahili barua ile. Nikampata. Kwenye "nyanja ya utafiti" ameandika: Mchwa. Kwenye "nyanja nyingine": Mchwa. Kwenye "maelezo ya ziada": "Nimewatafiti miaka kumi na tisa. Ufadhili wa mwisho niliupata miaka sita iliyopita. Mkisikia chochote, tafadhali."

Tafadhali. Nimelisoma neno hilo mara nyingi leo.

Yeye nilimtumia afya ya akili ya marubani.

Jumapili, 8 Machi

Naishi kwa kaka yangu. Leo wakati tunachambua mchele nimemweleza mkewe habari hii yote. Nimesema imempata rafiki yangu mmoja, ofisi nyingine kabisa.

Wifi akaendelea kuokota mawe. "Huyo rafiki yako, anavaa miwani?"

Nikasema kidogo.

"Na akiwa na hofu anakunywa maji glasi nne mfululizo?"

Nikaiweka glasi chini.

"Basi mwambie rafiki yako akamwone huyo mama wa mchwa. Bosi baadaye. Bosi ana mshahara wake, mama wa watu ana wadudu tu."

Nikamwambia Wifi kwamba rafiki yangu atafukuzwa kazi. Arudi nyumbani akae tu, awe mzigo kwa kaka yake.

"Wifi," akasema, "kwani sasa hivi huyo rafiki yako anakula kwa nani?"

Kaka akacheka huko sebuleni. Kumbe alikuwa anasikiliza muda wote!

Jumanne, 10 Machi

Jana nilikwenda mpaka mlangoni kwake nikarudi. Leo nimeingia.

Maabara yake iko nyuma ya stoo ya viti vibovu. Ukutani chupa za mchwa, kila moja ina tarehe. Yeye mwenyewe ni mama mfupi, koti jeupe limefungwa kwa pini mahali pa kifungo. Chuoni wanamwita Mama Mchwa, naye anaitika. Mezani alikuwa na kitabu kinene kuhusu ndege.

"Karibu, mwanangu. Umekuja kwa ajili ya marubani? Nimeshasoma vitabu viwili. Hivi unajua wanakula chakula tofauti, rubani na msaidizi wake? Ili kikimdhuru mmoja, mwingine abaki mzima."

Akanisogezea kigoda.

"Usiogope. Barua yenu imenishtua kidogo, siwezi kukuficha. Nikajiambia wameipitia kazi yangu kwa makini, wakaona bora niache. Mmenichoka. Basi, kama chuo kinaona mimi ni wa marubani, nitajaribu."

Hapo nililia. Si machozi ya adabu, yale ya kugusa jicho kwa leso. Nililia kwa kwikwi. Mchwa wenyewe walisimama, naapa. Nikamwambia yote — safu, alfabeti, Mwalimu wa Maigizo kwenye zulia, tarehe 13, barua yangu ya kazi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakunifokea. Aliuliza kitu kimoja tu.

"Zimebaki siku ngapi?"

Nikasema tatu.

Akavuta droo. Andiko analo, lilikuwa limelala humo miaka minne linasubiri tangazo. Akapuliza vumbi, akaanza kurekebisha tarehe kwa penseli. Nikamwomba asimwambie Bosi.

"Mimi? Mimi simwambii mtu. Sikupanga majina mimi." Kisha akanitazama juu ya miwani. "Utamwambia wewe, mwanangu. Chukua karanga."

Alhamisi, 12 Machi

Nimejaribu kumwambia Bosi mara tatu.

Mara ya kwanza, saa tatu. Nilisema, "Bosi, kuhusu mchwa." Simu yake ikaita.

Mara ya pili, saa sita. Nilisema, "Bosi, kuhusu jedwali." Akasema Mkuu wa Chuo amelisikia, amefurahi, na Mwalimu wa Maigizo ametambaa mbele yake ofisini kwake mpaka Mkuu akashika mbavu. Andiko la mchwa jukwaani ndilo litakalowakilisha chuo. Amri imetoka juu.

Mara ya tatu, saa tisa. Nilisema, "Bosi, kuna kosa." Akafungua bahasha, akanionyesha barua yangu ya kuthibitishwa. Imeshapigwa chapa, jina langu limeandikwa sawasawa. Nafasi ya saini iko wazi. "Kesho ukishatuma lile andiko, naisaini hapohapo. Ulikuwa unasema kuna kosa?"

Nikasema kuna kosa la nukta kwenye aya ya pili.

Hakukuwa na kosa lolote! Akaichukua, akaitafuta ile nukta kwa dakika kumi. Maskini.

Ijumaa, 13 Machi

Saa kumi kamili. Tovuti ya mfadhili iko wazi mbele yangu. Akaunti ya chuo ni moja, na nenosiri ninalo mimi. Kwenye kompyuta nina maandiko mawili. La Mwalimu wa Maigizo linaitwa "Malkia Hatembei: Kilio cha Tabaka la Chini ya Ardhi, Tamthilia ya Sehemu Saba, Pamoja na Ngoma." La Mama Mchwa linaitwa "Uingizaji Hewa Katika Vichuguu." Amelileta mwenyewe saa nane, amebaki, amekaa kwenye kiti cha wageni na chupa mapajani. Chupa inatoa kelele ndogo ya kutafuna.

Saa kumi na dakika kumi. Mwalimu wa Maigizo ameingia kushuhudia andiko lake likiruka. Nimemwambia. Yote, kwa pumzi moja, nimesimama. Ameshika moyo, ameyumba, ameanguka chali kwenye zulia. Mama Mchwa akainuka kumsaidia. Akafumbua jicho moja. "Mmeamini?" Mama Mchwa akasema karibu aamini.

Mwalimu akakaa chini palepale, magoti kifuani. Sauti yake ikawa ya kawaida, mara ya kwanza namsikia hivyo. Barua ile, anasema, ilikuwa ya kwanza kutoka ofisi yoyote kumwambia kitu kinamfaa yeye hasa. Nikamwomba radhi. Akasema basi. Isitoshe mchwa wenyewe anawaogopa. Kisha akaniuliza Bosi anajua?

Hajui.

"Anakuja saa ngapi?"

Saa kumi na nusu.

Akavuta kiti, akakiweka kando ya kabati, akakunja mikono. Anasema hawezi kulikosa hili.

Saa kumi na dakika ishirini na tano. Sijui niandike nini. Mkono unaandika wenyewe.

Saa kumi na dakika ishirini na nane. Nimebonyeza.

Saa kumi na nusu. Bosi ameingia, bahasha kwapani. Amewasalimu wageni, ameketi kwenye ukingo wa meza yangu. Ananiona naandika, anadhani ni kumbukumbu za kikao. Anasema vizuri sana, kila kitu kiandikwe.

"Umeshatuma?"

Nimesema nimetuma.

Ametoa barua yangu, ameilaza juu ya goti. Amefungua kalamu. Anasema kwanza aone risiti ya mfadhili, ile atakayoipeleka kwa Mkuu wa Chuo, halafu asaini. Nimeamuru printa. Printa yetu huwa inafikiri kwanza. Sasa imeanza kutoa karatasi, mstari kwa mstari. Jina la mfadhili. Jina la chuo. Tarehe. Kichwa cha andiko.

Bosi ameinama, anasoma kwa sauti.

"Uingizaji... hewa... katika vichuguu." Amemtazama Mwalimu wa Maigizo. "Hiki ndicho kichwa cha mchezo?"

Mwalimu wa Maigizo ametikisa kichwa, amenielekeza mimi kwa kidevu.

Printa bado inatoa. Inakuja sehemu ya jina la mtafiti.

Nimesema, "Bosi, naomba ukae."

Anasema mbona amekaa. Kweli, amekaa. Basi nasimama mimi.