Wimbo wa Mbio za Mikelenge

Kindu, 6 Mei 2024

Mama mpenzi,

Nakusalimu sana. Natumaini u mzima na goti limeacha maneno. Mimi sijambo, na duka linaenda.

Utacheka: mwili umeongezeka kwa kukaa dukani, basi kila asubuhi natoka kwenda mazoezini na wanawake wa hapa mtaani Mikelenge. Kocha wetu ni Cédric, mtoto wa hapa, mpole, na bafle yake, spika ya muziki, ni kubwa kuliko kifua chake. Jumamosi tunakimbia barabarani kwa mistari. Mmoja anaita wimbo, sisi tunaitika, na mbio zinaishia kwa mwenzetu mmoja anayetupa chai. Kufikiwa hivyo ni heshima, wengine wanagombania zamu.

Kuna wimbo mmoja tu unaoniwasha. Wanaita, "Mukuyakuya!" Tunaitika, "Njia njo ile!" Unajua hapa ndivyo wanavyotuita sisi watu wa Kivu wenye maduka, yaani waliokuja tu, na njia wanayotuonyesha ni ya kurudi kwetu. Wanasema ni wimbo wa zamani, una mwendo mzuri wa miguu. Mimi nimezaliwa hapa, sikasiriki. Naitika na wenzangu.

Binti yako,
Kavuo


Kisangani, 14 Mei 2024

Mwanangu Kavuo,

Salamu zako amenifikishia dereva Twaibu. Mimi mzima, goti liache.

Uliporudi Kindu kufungua tena duka la baba yako nilikubariki, nikanyamaza. Leo nasema, na si jambo la simu. Mwaka 2002, vita ikiwa mjini, wewe ukiwa na miaka minne, wimbo huo ulikuja mlangoni kwetu. Vijana wenye bunduki walikimbia kwa mistari, mmoja akiita, wengine wakiitika. Waliposimama mbele ya nyumba na kuimba, watu wote wa mtaa walijua zamu ni ya nani. Baba yako Florentin alitoka kuwasalimu kwa majina, maana walikuwa wateja wake. Mimi nilipita nyuma na wewe mgongoni. Hatukupata hata mwili wa kuzika.

Mwambie kocha wako. Asipousikia uchungu huo, ondoka kwake.

Mama yako


Kindu, 21 Mei 2024

Mama,

Pole, Mama yangu. Nimelia mpaka wateja wakaniuliza nimefiwa na nani. Ulale salama huko, nami niko mzima.

Nilimwambia Cédric. Alikaa juu ya bafle yake, akainamisha kichwa. "Ya Kavuo," ndivyo anavyoniita, kama dada yake mkubwa, "sikujuaka. Kwangu ilikuwa musiki ya kukimbilia tu." Kesho yake akawaambia wote kwamba wimbo umekufa. Hapo Mama Albertine, yule anayeuza mchele wa Kibombo, akasema kwa sauti, "Wimbo inaumaka mutu mwenye anajijua." Wengine walicheka. Tangu siku hiyo nikijipinda mazoezini nasikia mtu nyuma yangu anauvumisha puani, na nikigeuka kila mmoja anaangalia vidole vyake.

Cédric anataka kutupatanisha. Jumamosi ya tarehe mosi Juni mbio zitaishia kwangu, bila wimbo ule. Nimekubali. Nimeshanunua sukari na mikate.

Binti yako,
Kavuo


Kisangani, 27 Mei 2024

Kavuo,

Sikuulizi habari za afya. Kwa simu umenikatalia, labda karatasi utaisikiliza. Huyo kijana ana moyo mzuri, lakini anawaleta watu mlangoni kwako kwa mistari, tena asubuhi. Mikate wape majirani. Panda gari la Twaibu uje. Naogopa, mwanangu, na sioni haya kusema.

Mama yako


Kindu, 2 Juni 2024

Mama,

Barua yako imefika leo, mbio zimeshapita. Nisamehe. Mwilini sina jeraha.

Cédric alitimiza ahadi. Hakubeba hata bafle. Tulikimbia tukihesabu hatua, moja, mbili, mpaka karibu na gare ya treni. Hapo mwanaume mmoja aliyesimama kando ya reli akaita, "Mukuyakuya!" Mistari yote ikaitika. Miguu ilikuwa imezoea, Mama. Cédric aliitika, akajishika mdomo. Na mimi niliitika. Nilisikia sauti yangu mwenyewe kati ya zao, wala haikutetemeka.

Yule mwanaume akaingia mstarini, na wengine nyuma yake. Tulipofika mlangoni tulikuwa wengi mara tatu, na wengi sikuwajua. Cédric aliwaambia waende. Wakamjibu wao si wa mazoezi yake ya fitness. Nilimimina chai kwa sababu sikujua la kufanya, nao wakanywa. Mmoja akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, kwa adabu kabisa, akasema, "Aksanti ya chai, mama. Sasa tunajua mulango."

Uliyosema ni kweli. Twaibu anaondoka kesho asubuhi kutoka sokoni; barua hii nampa leo jioni, na kesho nitakuwemo.

Binti yako,
Kavuo


Kisangani, 7 Juni 2024

Mwanangu,

Twaibu amefika. Barua yako anayo, wewe hukuwemo. Anasema alikungoja mpaka abiria wakaanza kumtukana. Simu yako inalia, haipokelewi.

Barua hii inatangulia kwa pikipiki, mimi nafuata kwa gari. Niliapa sitaukanyaga tena mji huo. Sijui nitaanza kuuliza kwa nani.

Mama yako