Terry Hakuunguzwa na Mama Yake

Rangwe, Homa Bay
8 Septemba 2025

Mpendwa mwanangu Levis,

Pokea salamu zetu huko Doha. Natumaini joto limepungua na unapata usingizi baada ya zamu. Huku miili ni mizima, mioyo usiulize.

Wiki jana uliniambia kwenye simu: "Shangazi, ngozi ya mtoto haiwezi kubabuka hivyo bila maji moto. Kezia alimuunguza binti yangu. Asikanyage kwangu tena." Kisha ukakata. Barua haina kitufe cha kukata, kwa hiyo soma mpaka mwisho.

Hakuna maji moto yaliyomgusa Terry. Ulikuwa wembe.

Baba yako alipozikwa, wajukuu wote walinyolewa uani kama ilivyo desturi yetu. Uliona video, ukacheka Terry alivyopiga kelele. Wembe ulikuwa mmoja, beseni moja, kitambaa kimoja. Aliyeanza kunyolewa ni mtoto wa dada yako Liz, aliyekuja kutoka kisiwa cha Remba na vidonda puani na kichwani.

Siku chache baadaye Terry akatokwa na malengelenge makubwa shingoni na kwapani. Yalipopasuka, ngozi ikabanduka kama ganda la nyanya iliyochemshwa. Mama yako akasema ni uji wa moto. Wazee wakaitwa, Kezia akasimamishwa mbele yao kama mwizi wa kuku, akaulizwa sufuria ilikuwa wapi. Alijibu neno moja tu: "Mama, tazama na kichwa cha Bravin." Hakuna aliyetazama vipele vya mwanao huyo. Akafukuzwa kwenda kwao Mbita na nguo alizovaa. Terry, aliyekuwa bado ananyonya, akabaki anapakwa dawa ya meno, eti ameungua.

Homa ilipozidi ndipo tulipompeleka hospitali, mimi nimembeba. Daktari alieleza kwamba ni bakteria: huingia penye mkwaruzo, na sumu yao huachanisha ngozi mpaka uape mtoto amemwagiwa maji ya moto. Dawa ipo, akasema, na wengi hupona wakiletwa mapema. Kwa mtoto wetu walikuwa wameshaingia hadi kwenye damu. Akauliza mama yake yuko wapi. Mama yako akatazama ukuta.

Terry alikufa asubuhi, akitafuta titi ndani ya blauzi yangu.

Tulimzika Terry, Kezia akiwa nje ya lango, wanaume wamemzuia. Usiniambie hiyo ni mila. Mila zetu nazijua kuliko hao waliosimama langoni, na hakuna inayomkataza mama kumwaga udongo juu ya mtoto wake. Huo ni woga wa watu wasiotaka kuambiwa wembe ulikuwa mkononi mwa nani.

Sasa nijibu. Bravin na watoto wawili wa kaka yako wametokwa na malengelenge yale yale. Kezia yuko Mbita. Hao nao kawaunguza nani? Wanakunywa dawa na wanapata nafuu, lakini Bravin huniuliza kila jioni kama mamake amepotea njia.

Liz anakusalimu, tangu mazishi hali chakula vizuri. Mjomba wako Bichage pia anakusalimu. Mungu akulinde huko ugenini, na amlaze binti yetu mahali pasipo maumivu.

Levis, mpigie mama yako leo, kaka yako akiwa amekaa karibu naye asikie, uwaambie lango lifunguliwe. Kisha mpigie Kezia. Usimtume mtu. Mwambie kwa mdomo wako mwenyewe kwamba hakumuunguza mtoto wenu, umwombe arudi kwa Bravin, na umpeleke kaburini.

Shangazi yako akupendaye, na ambaye hatapokea simu yako kabla hujapiga hizo mbili,
Caren